Tsavo Mashariki kutoka Malindi: ya siku moja, ya kulala kambini, au gari lako na hema?

Ukisimama juu ya daraja la Sabaki wakati bara kumenyesha, utaona maji mekundu yakishuka mbio kuelekea baharini, na baada ya siku mbili tatu ufuo wa Malindi hugeuka rangi ya udongo. Udongo huo umetoka mbali. Mito ya Athi na Tsavo ikikutana huzaa mto Galana. Galana hukatiza mbuga ya Tsavo Mashariki, hupita jirani na lango la Sala, kisha huja kwetu ukiitwa Sabaki.

Mto huo ndio unaoamua safari yako. Tsavo Mashariki ilitengwa kuwa mbuga mwaka 1948, ina kilomita za mraba 13,747, na sehemu yake kubwa haipati hata milimita 500 za mvua kwa mwaka. Kwenye nchi kavu namna hiyo mnyama hatembei ovyo, anazunguka karibu na maji. Maji ya kutegemea ni Galana. Aruba, bwawa lililojengwa mwaka 1952 kwa kuzuia mto Voi, mwaka mmoja hujaa na mwaka mwingine hubaki tope lililopasuka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize: nitakuwa karibu na maji saa zipi za siku, na kwa muda gani?

Kutoka Malindi watu wengi huenda kwa mojawapo ya njia tatu. Kuna safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa vani ya kampuni. Kuna safari ya kulala usiku mmoja au miwili kwenye loji au kambi ya mahema. Na kuna kwenda na gari lako mwenyewe, hema lako na sufuria zako. Zote tatu zina watu wake.

Vigezo

Kila njia imepimwa kwa mambo yale yale: saa na barabara, gari, gharama, wanyama, chakula na ibada, kinachoharibika, na inamfaa nani. Mawili yanahitaji maelezo kidogo kabla hatujaendelea.

La kwanza ni saa. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na usiku hairuhusiwi kuendesha ndani. Wanyama wengi huonekana tangu mapambazuko hadi kama saa tatu, kisha tena kuanzia saa kumi jioni. Katikati ya hapo jua huwa kali, simba hulala chini ya kichaka na tembo husimama kivulini bila kutikisika. Mwendo wa juu kabisa mbugani ni kilomita 40 kwa saa. Kutoka Sala hadi lango la Voi ni kilomita 100 hivi, kwa hiyo ni saa mbili na nusu bila kusimama hata mara moja. Na nani amekwenda Tsavo asisimame?

La pili ni gharama. Zipo zinazogawika kwa gari: kukodi, mafuta, dereva. Hizi mkiwa sita kila mmoja hulipa kidogo, mkiwa wawili zinawaelemea. Na zipo zinazokwenda kwa kichwa: ada ya mbuga, kitanda, chakula. Hizi hazipungui hata mkijaza gari. Ukipewa bei moja tu ya jumla, omba wakutenganishie mafungu haya mawili. Hapo ndipo utakapojua kama kuongeza binamu wawili kutashusha bei au la.

Yanayowahusu wote

Ada ya kuingia hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo, si pesa taslimu langoni. Lipa ukiwa bado mjini, maana karibu na Sala netiweki si ya kutegemea. Viwango hubadilika, kwa hiyo tazama siku hiyo hiyo unayolipa, na tazama pia tiketi yako inadumu kwa saa ngapi. Gari nalo lina ada yake, kulingana na idadi ya viti. Chukua kitambulisho halisi, na kwa mtoto cheti cha kuzaliwa. Mkenya asiye na cha kuonyesha anaweza kutozwa kama mgeni.

Chupa za maji za plastiki, vijiko, sahani na mirija ya kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu tarehe 5 Juni 2020. Chukua mtungi mkubwa na chupa za kujazia. Mavazi yawe ya rangi ya udongo au kijivu. Nyeupe itarudi nyekundu, na nyeusi au buluu nzito huvuta mbung'o, hasa kandokando ya mto. Kina mama wanaovaa buibui watapata nafuu wakichukua dera au leso ya rangi hafifu ya kuvaa ndani ya gari.

Majira mazuri ni ya ukavu: Juni hadi Oktoba kusi likivuma, na Januari na Februari wakati wa kaskazi. Masika na vuli nyasi hurefuka, madimbwi hutapakaa kila mahali, na wanyama hawana haja tena ya kushuka mtoni. Mbuga hupendeza kwa ukijani wake, ila utatafuta sana.

Na tuseme ukweli kuhusu wanyama ili mtu asirudi na kinyongo. Tembo utawaona, karibu kwa hakika, na ni wekundu kwa sababu hujipaka vumbi na tope la Tsavo. Pundamilia, twiga, nyati, kiboko na mamba pia. Simba wapo, na madume wengi wana manyoya haba shingoni, hata mgeni akadhani ni majike. Chui na duma ni bahati. Kifaru usimpangie kabisa. Wageni wengi huwapita wale ambao ni fahari ya nchi kavu: choroa mwenye pembe ndefu zilizonyooka, tandala mdogo mwenye mistari, na swala twiga. Huyu wa mwisho husimama wima kwa miguu ya nyuma, shingo imenyooka, ya mbele akiiegemeza kwenye tawi, na kuchuma majani ambayo swala wengine hawayafikii. Hanywi maji kwa muda mrefu kwa kuwa majani yanamtosha, basi mtafute mbali na mto, kwenye vichaka.

1. Kwenda na kurudi siku moja

*Saa na barabara.* Gari hutoka Malindi saa kumi au kumi na nusu alfajiri, hupitia Ganda, Kakoneni na Langobaya, na kufika Sala baada ya saa mbili hadi tatu. Umbali ni zaidi kidogo ya kilomita 100, lakini hali ya barabara hubadilika na mvua. Muulize mtu aliyepita wiki hiyo, si mwezi uliopita. Ukiingia saa moja na nusu na kutoka saa tisa na nusu alasiri, una saa nane ndani. Zinaonekana nyingi mpaka uzitoe hesabu: kwenda bwawa la Aruba na kurudi Sala kwa mwendo halali ni kama saa tatu na nusu, chakula saa moja, choo na kunyoosha miguu nusu saa. Zinabaki saa tatu za kutazama, na nyingi ziko mchana wa jua kali.

Dawa yake ni kuchagua kitu kimoja. Ama ufuate Galana kuelekea maporomoko ya Lugard, ukisimama kila penye mikoma na maji yaliyotuama, ama uende Aruba moja kwa moja. Dereva anayekuahidi vyote viwili pamoja na mwamba wa Mudanda siku moja anakuahidi kuviona kupitia dirisha linalokimbia.

*Gari.* Kwa kawaida ni vani ya viti saba au nane yenye paa la kuinuliwa. Inatosha wakati wa ukavu. Wakati wa mvua vani huzama, na hata isipozama, kioo chake kiko chini kuliko nyasi. Uliza waziwazi: je, kila abiria ana dirisha? Vani iliyojazwa hadi kiti cha katikati humnyima mtu mmoja safari aliyoilipia.

*Gharama.* Ndiyo ndogo kuliko zote tatu kwa jumla, ila ukigawa kwa saa za kuona wanyama huwa si rahisi kama inavyosikika, maana ada ya mbuga unailipa kamili. Bei za ufukweni hutofautiana sana kwa sababu moja hutaja ada na chakula ndani yake, na nyingine hutaja usafiri tu. Kabla hujatoa hata shilingi, pata majibu ya maandishi kwa haya: ada ya mbuga imo? Chakula cha mchana kinaliwa wapi, na nani analipa? Maji yapo? Gari likiharibika njiani nini kinafuata? Omba kuona leseni ya kampuni kutoka Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Kampuni halali haitachukia swali hilo. Malipo yaende kwa jina la kampuni, si kwa namba ya simu ya kijana aliyekukuta mchangani.

*Wanyama.* Tembo na viboko kwa urahisi. Simba kwa bahati, kwa kuwa saa zake hazilingani na zako.

*Chakula na ibada.* Hapa watu wa pwani hukosea kwa jambo moja. Mbaazi za nazi na wali wa nazi vilivyofungwa alfajiri vitakuwa vimechacha kufikia adhuhuri ndani ya gari lililokaa juani. Chukua mahamri makavu, viazi karai, mayai ya kuchemsha, tende, machungwa, na kahawa kwenye chupa ya chai. Usilie dirishani. Nyani wa sehemu za kupumzikia wanajua sauti ya mfuko unaofunguliwa, na huingiza mkono kabla hujageuka. Swala ya alfajiri huingia mkiwa njiani, basi mkubaliane na dereva mapema mahali pa kusimama kabla ya lango. Ndani ya mbuga huruhusiwi kushuka garini popote upendapo, kwa hiyo adhuhuri iangukie langoni, lojini, au mahali palipotengwa.

*Kinachoharibika.* Mara nyingi ni muda. Abiria mmoja akichelewa kwa dakika arobaini Malindi, hizo hutoka kwenye saa nzuri ya asubuhi, hazitoki kwenye saa ya mchana. La pili ni uchovu: watoto hulala saa sita mchana na kuamka mkiwa njiani kurudi. La tatu ni giza. Kurudi Malindi usiku kwenye barabara yenye mbuzi, baiskeli na bodaboda za makaa bila taa si jambo la kulichukulia hivi hivi. Ondoka Sala si zaidi ya saa tisa na nusu.

*Inamfaa nani.* Mwenye siku moja tu ya mapumziko. Anayetaka kujua kama mbuga inampendeza kabla ya kutumia fedha zaidi. Kundi la wanafunzi au wafanyakazi wenzake wanaojaza gari. Haimfai mama mjamzito, mwenye maumivu ya mgongo, wala mtoto chini ya miaka mitano: ni saa nne hadi sita za mtikisiko nje ya mbuga peke yake, na nyingine nyingi ndani.

2. Kulala lojini au kwenye kambi ya mahema

*Saa na barabara.* Barabara ni ile ile, lakini huna haja ya kutoka usiku wa manane. Ukifika Sala saa nne asubuhi hujapoteza kitu, kwa sababu saa zako nzuri zinakuja: ile ya jioni, na ile ya asubuhi inayofuata. Usiku mmoja hukupa mizunguko miwili mizuri (madereva huuita mzunguko mmoja "gemu"). Usiku wa pili hauongezi mmoja, unaongeza miwili, jioni na asubuhi, pamoja na siku nzima ya kati isiyo na haraka. Ndiyo maana tofauti kati ya usiku mmoja na miwili ni kubwa kuliko tofauti ya bei zake.

*Gari.* Hapa landkruza iliyokatwa paa hulipa gharama yake, hasa kuanzia Novemba hadi Desemba na Aprili hadi Mei. Uliza pia kama gari na dereva ni wenu mpaka mwisho au mtaunganishwa na wageni wengine kambini. Dereva mwenye cheti cha chama cha waongoza safari wa Kenya, cha shaba, fedha au dhahabu, anajua kusoma nyayo na tabia. Cheti cha fedha si cha mtu wa kubahatisha.

*Gharama.* Kitanda na chakula ndivyo vinavyokula fedha. Bei inayoonekana kwenye tovuti mara nyingi ni ya mgeni wa ng'ambo, kwa dola. Piga simu uulize bei ya mkazi au ya raia, na uulize kama ni ya kula na kulala au ya kitanda na chai tu, kwa sababu mbugani hakuna hoteli ya jirani ya kukimbilia. Aprili hadi Juni bei hushuka, na baadhi ya kambi hufunga. Kambi zilizo nje kidogo ya Sala huwa nafuu kuliko za ndani, lakini kila asubuhi unasubiri lango lifunguliwe, wakati aliyelala ndani yuko tayari mtoni.

Mahali pa kulala ndipo panapoamua utakachoona. Ukilala kandokando ya Galana utaamka na viboko wakirudi majini na mamba kwenye ukingo wa mchanga. Ukilala upande wa Aruba una uwanda ulio wazi, ambako simba huonekana kwa mbali. Upande wa Voi kuna vilima, maji ya kunywea wanyama chini ya loji, na kundi kubwa la tembo wakati wa kiangazi. Mwenye usiku miwili angelala mmoja mtoni na mwingine Aruba au Voi, hata kama ni usumbufu kufunga virago.

*Wanyama.* Hapa ndipo njia hii inapozipita nyingine kwa mtu asiye na gari. Saa kumi na moja jioni tembo hutelemka kwenda maji kwa mstari mmoja, mama mkuu mbele, watoto katikati, vumbi jekundu likisimama nyuma yao kama moshi wa tanuri la chokaa. Kanga wenye shingo za buluu hukimbia mbele ya gari. Siku ya pili dereva hujua simba walilala wapi, kwa sababu aliwaacha pale jana.

*Chakula na ibada.* Kambi hupika. Unapoweka nafasi, si unapofika, uliza kama nyama ni halali. Wakijua mapema hujipanga, wakijua jioni hiyo utakula mayai. Mwezi wa Ramadhani waambie saa ya daku. Maji ya kutawadha yapo, japo katika baadhi ya mahema maji ya moto huletwa kwa ndoo saa maalumu.

*Kinachoharibika.* Kambi nyingi hazina uzio. Baada ya giza hutoki hemani bila askari wa kambi kukusindikiza, na mtoto asiyesikia neno ni hatari kweli. Umeme wa baadhi ya kambi huzimwa usiku, kwa hiyo chaji simu mapema na uchukue tochi. Hema lisilofungwa zipu hadi chini hukaribisha tumbili, nao huanza na dawa za meno.

*Inamfaa nani.* Wazee, wenye watoto wadogo, maharusi, na yeyote anayesema "nataka kwenda mara moja tu maishani." Huyo wa mwisho hasa: kama ni mara moja, lala.

3. Gari lako na hema lako

Njia hii ina mengi ya kupangwa, nayo humlipa aliyejipanga kuliko zote.

*Saa na barabara.* Kambi ya umma inayojulikana zaidi ni Ndololo, karibu na lango la Voi, yaani upande wa pili kabisa wa mbuga ukitoka Malindi. Mpango unaokubalika ni huu: ondoka Malindi saa kumi na moja alfajiri, ingia Sala kama saa mbili, fuata mto asubuhi, geuka kusini mchana kuelekea Aruba, kaa hapo kuanzia saa tisa, na uwe Ndololo ifikapo saa kumi na moja jioni, hema lisimame kabla ya giza. Siku ya pili izunguke Aruba na Mudanda, mwamba wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja unaokinga maji ya mvua chini yake. Siku ya tatu rudi Sala, au toka Voi urudi kwa lami kupitia Mombasa. Makutano mengi ndani ya mbuga yana vigingi vya mawe vyenye namba. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, na andika namba za makutano unayopita kwenye karatasi.

*Gari.* Gari dogo lililokaa chini linaweza kupita njia kuu wakati wa ukavu, lakini si njia za pembeni, na huko pembeni ndiko uliko mto. Lenye nguvu za magurudumu manne ndilo sawa. Kabla ya safari kagua vitu hivi kwa mkono wako: tairi la spea lenye upepo (yapo mengi yanayobebwa yakiwa matupu), jeki pamoja na ubao wa kuiwekea isizame mchangani, spana ya magurudumu inayoshika nati zako kweli, kamba ya kuvutia, sepetu, feni belti ya akiba, na pampu ya upepo. Vifaa vya kuziba pancha viwe viwili, kwa kuwa miiba ya migunga hutoboa hata tairi jipya.

Barabara ikishaanza kujikunja kama bati, punguza upepo kutoka pauni 35 hadi 28 hivi. Tairi laini hunyonya mtikisiko na kushika mchanga. Ukirudi kwenye lami ujaze tena kabla ya kukimbia, la sivyo tairi litachemka na kupasuka.

*Mafuta na maji.* Malindi hadi Voi kupitia mbuga na kurudi ni zaidi ya kilomita 400. Ongeza 120 za kuzungukazunguka. Landkruza inayokwenda kilomita 6 na nusu kwa lita itataka lita 80 na kitu. Jaza Malindi, na usitegemee kituo chochote mpaka mji wa Voi. Maji: lita 4 za kunywa na lita 5 za kupikia na kuoga kwa kila mtu kwa siku, pamoja na lita 10 za gari. Watu wanne kwa siku mbili ni lita 82, yaani mitungi mitano ya lita 20, mmoja ukiwa haujajaa.

*Gharama.* Ada ya mbuga na ya kambi kwa kichwa, mafuta kwa gari. Mkiwa wanne na gari ni lenu, hii huwa nafuu kuliko loji kwa mbali. Mkilazimika kukodi gari na kununua hema, godoro na jiko kwa safari moja, hesabu hugeuka.

*Wanyama.* Unasimama utakapo kwa muda utakao, na huo ndio utajiri wenyewe. Ubaya ni kwamba huna jicho la dereva aliyezoea. Zima injini karibu na maji, ngoja dakika ishirini. Wageni wengi huondoka katika dakika ya tano.

*Chakula na ibada.* Chukua gesi au makaa, kwa sababu kuokota kuni mbugani hakuruhusiwi. Chakula chote kilale garini, si hemani. Machungwa na ndizi hasa: tembo hunusa matunda kwa mbali, na kitambaa cha hema hakimzuii. Kuswali ni kambini, ambako ni huru kushuka, ila tazama vichaka kwanza.

*Kinachoharibika.* Makosa matatu hujirudia. Kwanza, kukwama kwenye mchanga wa kijito kikavu. Gurudumu likianza kuzunguka bila kwenda, acha kukanyaga mafuta papo hapo, kwa kuwa kila mzunguko hukuzamisha zaidi. Tazama pande zote muda mrefu, mmoja abaki juu akilinda, mwingine achimbe mbele ya magurudumu na kutandika mazulia ya gari chini yake, kisha toka kwa gia ndogo. Kama kuna simba au nyati karibu, kaeni ndani mpaka gari jingine lipite. Kijito hicho hicho bara kukinyesha hupata maji ghafla hata kama juu yako ni jua, basi usikivuke kikiwa na maji yanayokwenda.

Pili, injini kuchemka. Baada ya mvua mbegu za nyasi huziba radieta kama pamba. Kila jioni zisugue kwa brashi kavu, na kifuniko cha radieta usikifungue ikiwa moto.

Tatu, kumsogelea tembo. Masikio yakitanuka, kichwa kikatikiswa na mkonga ukakunjwa, ameshakwambia. Rudi nyuma polepole, bila honi, na usikae kati ya mama na mtoto. Acha nafasi ya kugeuka kabla hujasimama kutazama.

*Inamfaa nani.* Wenye kujua kubadilisha tairi bila kuitafuta mtandaoni, na ikiwezekana magari mawili yanayofuatana. Haimfai dereva wa mjini anayekwenda peke yake kwa mara ya kwanza.

Sala au Voi?

Kwa aliye Malindi, Sala ndilo lango la jirani. Voi ni kuzunguka: Malindi hadi Mombasa kilomita 120, kisha kama 150 nyingine kwenye barabara kuu iliyojaa malori. Faida yake ni lami tupu, na treni ya SGR inayosimama vituo vya njiani hushusha Voi. Asiye na gari anaweza kupanda Miritini na kupokelewa huko na gari la kambi. Mvua zikiwa kubwa na barabara ya Sala ikiwa tope, Voi huacha kuwa mzunguko na kuwa ndiyo njia.

Kwa hali yako

Una nusu siku tu na unataka watoto waone msitu: usiende Tsavo. Nenda Arabuko Sokoke kupitia Gede, urudi nyumbani kabla ya magharibi.

Una siku moja, mko sita au saba, ni kiangazi: safari ya siku moja, mto tu, bila Aruba.

Mko wawili na bajeti ni ndogo: tafuteni gari la kuungana na wengine, lakini laleni usiku mmoja kwenye kambi ya nje ya Sala. Mtapata jioni na asubuhi kwa nyongeza isiyo kubwa.

Una mzazi mzee: usiku miwili mahali pamoja, mtoni, kwa landkruza, na mizunguko mifupi ya saa tatu. Kiti cha mbele ni chake, kwa kuwa nyuma ya ekseli ndiko mtikisiko ulipo mkubwa.

Gari ni lako na kuna anayelijua vizuri: hema, Ndololo, usiku miwili, Julai hadi Septemba.

Ni masika na huwezi kubadilisha tarehe: loji, si hema, kupitia Voi, na nia yako iwe ndege na mandhari zaidi kuliko simba.

Unatoka Lamu: kivuko cha Mokowe na zaidi ya kilomita 200 hadi Malindi ni siku yako ya kwanza nzima. Usiiunganishe na mbuga. Lala Malindi, lipa eCitizen jioni hiyo, jaza mafuta na maji kabla ya kulala, na ulizia barabara ya Sala kwa dereva aliyerudi siku hiyo hiyo.